Sarafu Zenye Kitovu

Katika miaka yote niliyomjua Mpimaji, sikumwona akipokea kitu kutoka mkononi mwa mtu. Ukimletea sarafu, alikuonyesha kwa kidevu kitambaa cha kijani kilichotandikwa mezani pake: weka hapo. Ukimletea kahawa, vivyo hivyo, weka hapo. Hata chenji ya mkate aliitaka ilazwe kwanza juu ya kaunta, aikodolee macho, ndipo aiokote mwenyewe. Siku moja nilimuuliza kama ni mwiko wa kwao.

"Maman Fundi," akaniambia, "kama kitu inatoka mu mukono yako inaingia mu mukono yangu, kisha inapotea, nani aliipoteza? Ikilala kwanza pa meza, bon, meza iko témoin."

Meza ndiyo shahidi. Nikajua nimepata jirani wa aina gani, na kusema kweli nilifurahi, maana mimi mwenyewe siamini watu upesi. Nimezaliwa Kigoma, mama yangu aliuza dagaa na mawese sokoni, na alinifundisha kwamba mtu anayekubali bei yako bila kubisha ana jambo lake. Kwa hiyo tulikaa miaka mingi tukitazamana, yeye akinishuku mimi na mimi nikimshuku yeye, na tukisalimiana vizuri kila asubuhi.

Meza yake ilikuwa ndani kabisa ya duka la saa na simu, katika Galerie d'Ixelles hapa Brussels, uso kwa uso na kibanda changu cha kushona. Huku mbele watu wanasukwa, wanabishana kuhusu mpira, wanakula sambusa za moto. Kule nyuma, yeye na dirisha dogo linalotazama uani. Taa hakuitaka. "Taa inadanganya," alisema, "taa iko muuzaji." Alipima kwa mwanga wa mbinguni tu, na kwa kuwa mbingu ya Brussels ni kama sufuria lililofunikwa, wateja wengi walirudishwa nyumbani mpaka siku itakapokuwa nyeupe. Wengine walikasirika. Wengine walisema hizo ni mbinu za kumchosha mtu ili siku ya tatu akubali bei yoyote. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema hivyo.

Alipima kitu kimoja tu: sarafu za kale za fedha kutoka nchi za kaskazini, Denmark, Uswidi na Norwei. Ukimletea dhahabu, anakurudisha. Mama mmoja wa saluni alimletea noti za Zaire zilizojaa begi. Hazikufika hata kwenye kitambaa. Lakini ukimletea krona moja nyeusi uliyoiokota kwenye droo ya marehemu bibi yako, hapo alivua miwani, akavaa nyingine, akajisogeza. Na waliozileta walikuwa wengi kuliko unavyodhani. Mji huu umejaa watu waliokaa Kongo, na katika Kongo ya zamani meli za mvuke za mitoni ziliendeshwa na Wadenmark na Waswidi wengi, manahodha na mafundi mitambo. Walipokufa kwa homa, vitu vyao vilitawanyika. Vingine vilirudi Ulaya na mapadri, vingine vikabaki kwenye masanduku ya Likasi na Lubumbashi, vikaja huku baadaye vimefichwa ndani ya soksi.

Mtu wa Likasi kama Mpimaji alijifunzaje fedha za Wazungu wa barafuni? Mimi aliniambia alikuwa akifagia nyumba ya Mzungu mkusanyaji. Mwenye duka la saa aliambiwa kwamba ni padri aliyemfundisha misheni. Na padri mstaafu aliyekuwa mteja wake aliambiwa kwamba alijisomea peke yake, hapahapa Brussels, kwenye vitabu vya maktaba. Nilipozikusanya hadithi hizo tatu nikampelekea, hakuona haya hata kidogo.

"Kila muntu nilimupa ile anaweza kubeba," akasema, akarudi kwenye lenzi yake.

Nikaweka alama moyoni: huyu anaweza kusema uongo bila kupepesa jicho.

Kanuni yake kubwa ilikuwa kufunga kinywa. Si chake, chako. Mteja alipokaa tu na kuanza, "Hii sarafu, babu yangu alipewa na...", Mpimaji aliinua kidole. "Funga kinywa kwanza." Hakutaka kusikia imetoka wapi, nani alikuwa nayo, nani alikufa nayo. Alisema hadithi ni kivuli, inaangukia sarafu na huoni tena rangi yake. Kwa hiyo ulikaa kimya kama mtoto wa shule, na yeye akaanza na ukingo. Watu wote hutazama uso wa mfalme. Yeye mfalme alimwacha mwisho. Alitazama ukingo kama umekatwa, kama umesagwa, kama vile vijistari vyake vimekwisha upande mmoja. Kisha aliisimamisha juu ya ncha ya kidole na kuigonga kwa penseli, akasikiliza. Kisha mizani. Kisha ngozi.

Ngozi ndiyo ilikuwa dini yake. Ule weusi unaoota juu ya fedha ya zamani, wenye buluu kidogo pembeni, yeye aliuita ngozi, na mtu aliyeusugua alimhesabu kama mchinjaji. Padri yule mstaafu, mzee wa Kibelgiji aliyekaa Katanga mpaka Kifaransa chake kikawa na lafudhi, alikuja siku moja na mfuko wa sarafu za Norwei alizorithi kwa dada yake. Zilikuwa zinang'aa kama vijiko vya harusi. Mtumishi wa nyumba yao ya mapadri alizisugua kwa dawa ya meno ili baba asiaibike mbele ya mtaalamu. Mpimaji alizitazama kwa muda mrefu, uso umemwanguka.

"Mon père," akasema, "mumezichuna ngozi."

"Ziko safi!" padri akajitetea, kwa Kiswahili kile kile cha Katanga. "Ulitaka nikuletee uchafu?"

"Mufu hawamupake poudre kusudi docteur amupime. Hii moja ingekuwa deux cents. Sasa iko quinze. Aksanti ya dawa ya meno."

Padri aliondoka akicheka, lakini masikio yalikuwa mekundu. Mimi nilisimama mlangoni kwangu na sindano mdomoni, nikijiuliza kama ile moja ilikuwa kweli ya mia mbili, au kama imefanywa kuwa ya kumi na tano ili inunuliwe kwa kumi na tano. Ndilo tatizo la kazi ile. Mtu mmoja anajua, mwingine hajui, na kati yao ni kitambaa cha kijani tu.

Bei zake zilikuwa mbili kila mara. Ya kwanza aliiita bei ya moto, yaani fedha ikiyeyushwa ina thamani gani, bila kujali mfalme wala mwaka. Ya pili aliiita bei ya wivu, yaani kiasi ambacho mtu atatoa kwa sababu mwenzake anayo na yeye hana. "Bei ya moto iko sawa kwa bote," alisema. "Bei ya wivu, lazima ujue nani analala vibaya." Alizitaja zote mbili kwa Kifaransa, polepole. Hakusema uza, hakusema usiuze. Alichukua ujira wake mdogo na kukunja kitambaa.

Kuna bwana mmoja wa mtaa wa Molenbeek alinunua sarafu kubwa ya Norwei kwenye soko la vitu vya mitumba, akaja nayo amejaa furaha. Mpimaji aliigeuza mara moja tu chini ya lenzi, akaisukuma kwa penseli. "Hii ilizaliwa juzi," akasema. "Angalia, ina tundu-tundu kama muntu wa ndui. Ile ya kweli ilipigwa chapa, hii walimimina." Yule bwana alipandwa na hasira. Akasema anajua mchezo: unamwambia mtu ni bandia, anaitupa, wewe unaiokota. Mpimaji hakubisha. Alisema tu, "Unafanya vizuri kunishuku. Ungemushuku na ule aliyekuuzishia." Basi hapo nilicheka, lakini hata katika kucheka kwangu niliona kwamba hakulijibu lile shtaka.

Alikuwa mtu wa kinyume na kinyume. Kanisani aliitazama sarafu pande zote mbili kabla ya kuitumbukiza kwenye kikapu cha sadaka, lakini mwavuli wake alimwazima mpita njia yeyote bila kumuuliza jina. Ufunguo wa akiba wa nyumbani kwake Ganshoren aliniachia mimi, katika bahasha, na juu ya gundi ya bahasha alilaza unywele mmoja mweupe ili ajue kama nimeifungua. Nikamwambia, tonton, maana ndivyo tunavyowaita wazee huku, kama huniamini mpe mwingine. "Nani mwingine?" akaniuliza, na alionekana kweli anataka nimtajie mtu. Chuma juu ya fedha alikichukia kabisa. Mtu aliyegusa sarafu kwa koleo, kwa kisu, kwa tupa, alifukuzwa hata kabla ya kupimiwa.

Mimi nilimtega mara moja. Nilichanganya faranga ya zamani ya Ubelgiji katika krona tatu za mteja wangu mmoja, nikampelekea kana kwamba sijui. Aliitenga bila hata kuvaa miwani ya pili.

"Unanipima," akasema. "Aiko mubaya. Mais kahawa ya leo iko kwako."

Sasa nifike kwa mama mkwe wangu, maana bila yeye nisingekuwa na sababu ya kuandika habari za mzee huyu.

Mama mkwe alitoka Lubumbashi kuja kukaa nasi akiwa tayari mzee. Mume wangu ni mtoto wake wa pekee, na kama waume wote wenye mama mzuri, mama aliniachia mimi. Katika sanduku lake alikuja na sarafu sita za fedha zilizofungwa katika kitambaa cha kitenge. Zilikuwa za baba yake. Baba yake, akiwa kijana, alikata kuni za meli ya mvuke mtoni, na fundi mitambo wa meli ile alikuwa Mzungu wa kaskazini. Hadithi ya nyumbani ilikuwa moja na haikubadilika: Mzungu alimpenda yule kijana kwa uaminifu wake, na kabla ya kufa kwa homa alimlipa zile sarafu kwa mkono wake mwenyewe. Kila Pasaka mama mkwe alizisugua kwa majivu na limau, akazipanga mezani, akatuonyesha. Upande mmoja mfalme mwenye ndevu. Upande wa pili, katikati, kulikuwa na kijinundu kidogo cha fedha kilichobonyea.

"Hii njo kitovu," alituambia. "Feza ya bale Bazungu iko na kitovu. Baba alisemaka vile."

Lakini palikuwa na hadithi ya pili, na iliishi Molenbeek. Binamu yake mama mkwe, mwanamume mwenye sauti na koti zuri, alikuwa akisema kwenye misiba na harusi kwamba yule mzee hakulipwa chochote, alimwibia maiti. Alisema amelisikia kwa baba yake mwenyewe, aliyekuwa kwenye meli ileile. Mwanzoni lilikuwa neno la baada ya bia. Kisha binti yangu akaposwa na kijana wa ukoo unaofahamiana na wetu tangu Katanga, na binamu akaanza kusema mbele ya watu hao: zipelekwe kwa wataalamu Wazungu mjini, watuambie kama ni malipo au ni wizi. Mama mkwe aliacha kula vizuri. Jina la baba yake lilikuwa mali pekee aliyokuja nayo, ukiacha zile sarafu, na sasa sarafu zenyewe zilikuwa zinaitwa kutoa ushahidi dhidi yake.

Akaniambia, "Mutoto, unipeleke kwa ule papa wa Likasi, yee anione wa kwanza."

Sikutaka. Nilimwambia yote niliyoyajua na niliyoyashuku. Alishikilia, basi kabla ya kwenda nilizipiga picha kwa simu zote sita ili asitubadilishie. Nilipiga upande wa mfalme tu. Nani angepiga picha kitovu?

Siku hiyo ilikuwa nyeupe. Mama mkwe alifungua kitambaa na kuzimwaga juu ya kitambaa cha kijani, zinang'aa kwa limau, nami nikasubiri aitwe mchinjaji. Mpimaji alizitazama jinsi zilivyoanguka, tatu zikionyesha mfalme na tatu zikionyesha kitovu. Na mama mkwe akaanza kusimulia, moja kwa moja, meli, kuni, homa, uaminifu. Nilisubiri kile kidole kiinuke. Hakikuinuka. Alimwacha aongee mpaka mwisho, akiitikia "ehee, maman", "njo vile, maman", kama mtu aliyekuja kupiga soga. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya hivyo. Nikajua ana jambo lake.

"Maman Fundi," akaniambia, "utuletee kahawa."

Nilikwenda nusu nikikimbia. Niliporudi mama mkwe alikuwa anajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Nikauliza bei. Mpimaji akasema hawezi kusema leo, anazihitaji wiki moja. Nikasema hapana. Mama mkwe akasema ndiyo. Nikasema tena hapana, kwa sauti iliyowafanya wasusi wageuke. Mama mkwe akanitazama, akasema, "Feza iko ya baba yangu, aiko ya baba yako," na jambo likaisha hapo.

Wiki ilipokwisha, Mpimaji alizipanga juu ya kitambaa, wafalme sita. Nilizilinganisha na picha zangu moja moja: mkwaruzo wa pua, shimo dogo karibu na sikio, zilikuwa zenyewe. Nikazigeuza. Vitovu havikuwepo. Mahali pake kulikuwa laini, na palikuwa na mistari myembamba ya tupa.

"Umefanya nini?" nikamuuliza. "Wewe? Wewe unayemlaani padri kwa dawa ya meno?"

"Nilizisafisha."

"Kwa tupa!"

"Kwa tupa."

"Na ile fedha uliyokwangua iko wapi?"

Alikunja kitambaa chake. Mimi nilimwita mwizi pale pale, mbele ya mwenye duka la saa na mbele ya mwanamke aliyekuja kubadilishiwa betri, na yeye alinisikiliza huku ameinamisha kichwa kama anayepima kitu kwa sikio. Aliyenishangaza ni mama mkwe. Alikuwa anazipapasa zile sarafu nyuma kwa kidole gumba, taratibu. "Sasa ziko muzuri," akasema. Nikashuku kwamba naye amerogwa na Kiswahili cha Likasi.

Siku chache baadaye binamu alitupeleka mjini, kwenye duka moja la sarafu lenye mlango wa kubonyeza kengele. Kijana wa Kibelgiji aliyevaa glavu nyeupe alizipokea katika sinia. Alituambia ni krona za kweli, nyingine za Denmark na nyingine za Uswidi, za wakati ule ambapo fedha ya nchi moja ilipita sokoni kwa jirani yake. Halafu akazigeuza, akatabasamu.

"Mnajua zilikuwa nini hizi? Vifungo. Vifungo vya koti. Kwao walipenda hivyo, walilehemu kipete nyuma cha kupitishia uzi."

Mimi ninayeshona vifungo kila siku ya Mungu, mwenye kopo zima la vifungo vya chuma, vya pembe, vya mbao, nilitazama vile vitovu Pasaka baada ya Pasaka na sikuona kipete kilichobonyezwa. Nilikuwa nimekazana kutazama mikono ya Mpimaji.

Binamu aliruka. "Boutons! Alors, walizikata? Walizikata na kisu?"

Kijana akainua mabega. Alisema hawezi kujua. Nyuma pamesawazishwa kwa tupa, na kazi ni nzuri, ya mtu anayejua. Masonara wengi hufanya hivyo wakiondoa kipete. Kama kulikuwa na alama ya kisu, imekwenda pamoja na kipete. Ni jambo la kusikitisha, akasema, kwa sababu tupa imeondoa bei yote isipokuwa ile ya kuyeyusha.

Mama mkwe alizikusanya sarafu zake, akazifunga katika kitenge.

"Baba yangu alilipwa," akasema, akatangulia mlangoni.

Harusi ya binti yangu ilifanyika, na binamu alikuja akala kuku kama watu wote. Mimi niliendelea kumchukia Mpimaji. Niliona mambo yalivyo: ametuharibia bei, amebaki na unga wa fedha. Ni kidogo, lakini wezi wadogo huiba vidogo. Kilichonikera ni kwamba hakuja kamwe kutaka kuzinunua kwa ile bei ya moto aliyozishushia. Nilisubiri aje, ili nimkatalie. Alipita mbele ya kibanda changu asubuhi, akasema "Jambo, Maman Fundi," nami sikuitikia. Ufunguo wake nilimrudishia. Niliuweka mezani, ndani ya bahasha ileile, na unywele wake bado uko pale.

Kisha macho yakamwisha. Meza ya nyuma ikachukuliwa na mtu wa vioo vya simu, taa ikawashwa mchana kutwa. Watu walisema anakaa kwake tu, hatoki. Ilipita baridi moja, ikapita ya pili, ndipo mwenye duka la saa aliponijia na salamu: mzee anakuita, anasema uje peke yako. Nikajua anataka fedha. Nilipanda basi kwenda Ganshoren nimeshatunga nitakavyomjibu.

Mtaa kule ni kimya, watu wanakata majani na kufunga mapazia. Alinifungulia mwenyewe, akipapasa ukuta. Ndani hapakuwa na sarafu hata moja. Meza ilikuwepo, lakini alikaa mbali nayo, kwenye kiti karibu na dirisha, uso kwenye mwanga ambao nadhani hakuuona vizuri tena.

"Uko bado na hasira?" akaniuliza.

"Ninayo, tonton."

"Bon. Funga kinywa kwanza."

Nikafunga, kwa mazoea tu.

"Ile siku ya kahawa," akasema, "maman aliniambia yote. Ule Muzungu hakumulipa baba yake. Aliugua, akakufa. Myezi mingi bantu ya kuni habakupata kitu, hata chumvi. Bakamuvalisha koti yake ya dimanche, ya misa, kusudi bamuzike. Baba ya maman njo alilala pa mufu ile usiku. Alikata boutons. Akamuambia maman wakati alikuwa karibu kufa, yee peke. Sasa maman ananiuliza: papa, iko bwizi?"

"Ukamjibu nini?" Nilishindwa kufunga kinywa zaidi ya hapo.

"Miye ninapima feza. Sipimi mufu. Nikachukua tupa."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile nilipomwita mwizi mbele ya watu.

"Maman alikataza. Alisema, huyu muke wa mutoto wangu ana roho nzuri, mais kinywa yake haina mulango." Akatabasamu kidogo. "Na wewe ulikuwa na haki kunishuku. Tupa juu ya feza! Miye mwenyewe ningejishuku."

Aliingiza mkono mfukoni mwa sweta na kutoa kipande cha kitambaa cha kijani, kimefungwa fundo. Nikatazama meza, nikingojea akiweke pale. Hakukiweka. Alinyoosha mkono hewani, akiutafuta wangu, na alipoupata alikilaza kiganjani mwangu, akanifunga vidole.

"Maman alisema nitupe. Feza ya muntu siwezi kutupa. Na kwake siwezi kurudisha, ataumia tena. Donc iko kwako."

"Kwa nini mimi?"

"Ulinishuku kuliko bote. Muntu anachunga vile, haibe."

Nilifungua fundo ndani ya basi. Kwanza nilihesabu, nisiseme uongo. Vilikuwa sita, vipete sita vilivyobonyea, kila kimoja kimekatwa kwa tupa kwenye shina, na unga kidogo wa fedha kwenye kunjo la kitambaa. Kimoja kilikuwa kimepondwa kabla hakijavuliwa uzi, na uzi ulikuwa bado umebanwa ndani yake: sufu nyeusi, nyuzi mbili zilizosokotwa, uzi wa koti zito. Limau na majivu ya Pasaka zote hizo havikuufikia. Mtu anayetoa kifungo chake hufumua uzi kwa nyuma, polepole, ili nguo isiharibike. Huu ulikatwa kwa mbele, mshazari, kwa kisu kimoja. Binamu angetoa koti lake zuri ili auone.

Nilipofika nyumbani niliingia kwanza kwenye chumba cha kushonea. Nililifungua kopo langu la vifungo, nikavisukuma vile vipete chini kabisa, kati ya vifungo vya mashati ya watoto na vya makoti ya watu waliokwisha kusahau kuyafuata. Kitambaa cha kijani nilikikunja nikakiweka kwenye masalio.

Mama mkwe alikuwa sebuleni, miguu imefunikwa blanketi, televisheni haina sauti.

"Ulikuwa kwa mzee wa Likasi," akasema. Hakuuliza.

"Ndiyo, mama. Anakusalimia. Macho yamekwisha."

"Alisema nini?"

"Anakusalimia tu."

"Hakusema kitu ingine?"

"Hapana, mama."

Alinitazama kwa muda mrefu, kuanzia mikono, kisha uso mwishoni. Mimi nikatazama televisheni. Halafu akasogea upande, akainua blanketi ili nami nipate mahali pa kukaa.

"Aksanti, mutoto wangu," akasema, ingawa sikuwa nimempa kitu.